Unataka kuleta farasi visiwani? Hesabu siku kuanzia kwenye meli, kurudi nyuma

Wiki iliyopita nimepata ujumbe kutoka kwa kijana wa Wete anayefanya kazi Maskati. Amepata farasi jike wa Kiarabu kwa bei ya kirafiki, anataka ampeleke Pemba aanze kupandisha watalii ufukweni. Ameuliza swali moja tu: "Ami, karatasi zake zinachukua siku ngapi?"

Nimeusoma ujumbe ule mara tatu. Ni swali lile lile nililouliza mimi mwaka 2019, kwa maneno yale yale, na jibu nililopewa lilikuwa "wiki mbili, ukijuana na watu." Jibu hilo liliniulia farasi.

Lakini nianze na furaha, kwa sababu furaha ninayo. Mwezi uliopita farasi wangu Marjani alishuka Malindi, bandari yetu ya Unguja, alfajiri. Alitoka Naivasha kwa lori, akavuka mpaka, akalala Dar es Salaam, akapanda meli ya mizigo. Daktari wa mifugo alimpitishia mashine ya kusomea chipu ya utambulisho shingoni upande wa kushoto, akasoma tarakimu 15 moja moja kwa sauti, nami nikawa nafuata kwa kidole kwenye cheti cha afya, kwenye majibu ya damu, kwenye kadi ya chanjo na kwenye kibali. Karatasi nne, namba moja. Alipofika tarakimu ya mwisho akafunga faili akasema, "Hizi zimetulia." Maneno mawili tu, nami nilikuwa nimeyangoja miaka. Saisi wangu, mtunza farasi, alinishika mkono, akaniona machozi, akageuka kuangalia bahari.

Sasa nikusimulie Karafuu.

Nilimwita hivyo kwa rangi yake, ile hudhurungi iliyoiva ya karafuu iliyokauka vizuri juani. Alikuwa na miaka sita, mpole, mtoto wa skuli angeweza kumpanda bila hatamu. Muuzaji aliniambia amechanjwa kila mwaka, ila kadi "iko mahali." Sikuiona kadi ile mpaka leo. Daktari wa kule nilikomnunua alikataa kuandika chanjo asiyoishuhudia, akaanza upya. Chanjo ya Afrika Kusini ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule unaoenezwa na usubi, huja kwa chupa mbili, kwa sababu virusi vyenyewe vina aina tisa na chupa moja haiwezi kubeba zote. Unapiga ya kwanza, unangoja wiki tatu au zaidi, ndipo unapiga ya pili. Mimi nilikuwa tayari nimechukua pesa za hoteli moja kwa ajili ya msimu wa Juni. Nikasema chupa ya pili nitaipiga Unguja. Tukaondoka na chupa moja mwilini, katikati ya masika.

Mpakani bwana mkaguzi akapitisha mashine shingoni. Mashine ikaonyesha namba inayoishia na 41. Cheti kilikuwa kimeandikwa 14.

Tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Aliyeandika kule ofisini alikuwa na haraka, nami niliyepokea cheti sikuisoma, niliangalia mhuri tu. Kwa macho ya sheria, farasi aliyesimama ndani ya lori si farasi aliyepimwa damu. Nikapiga simu, nikalia, nikatafuta mtu wa kujuana naye. Cheti kipya kilichukua siku tatu. Kwa siku hizo tatu Karafuu alifungwa kwenye kiwanja nyuma ya maghala, pembeni ya dimbwi la maji ya mvua, na punda wanne wa wenyeji. Jioni ya kwanza niliona shingo yake imefunikwa na vitu vyeusi kama unga wa pilipili manga. Nikapangusa kwa mkono, vikarudi. Usubi. Nilinunua chandarua cha mbu nikakitundika. Usubi ukapita kwenye matundu yake kana kwamba hakuna kitu, maana mdudu mwenyewe ni milimita moja mpaka tatu.

Tulifika Unguja, akaingia karantini. Hapa nakiri jambo ambalo sijawahi kuliandika. Siku ya tatu ya karantini nilimwendea daktari nikamsihi aniachie farasi mapema, wageni wangu wameshafika. Nilimwambia anazuia riziki za watu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema hapana. Niliondoka nimemnunia, na nilimsema vibaya barazani.

Siku ya tano saisi akanipigia simu usiku. Nilipofika nilimkuta Karafuu amesimama miguu ya mbele ameitanua, shingo ameinyoosha, pua zimefunguka. Unajua vile vishimo viwili farasi anavyo juu ya macho? Vilikuwa vimejaa. Vimevimba vikawa kama mtu ameweka nusu ya limau chini ya ngozi. Daktari alivibonyeza kidogo kwa kidole gumba, hakusema kitu. Baada ya swala ya alfajiri povu jeupe likaanza kutoka puani, jingi, kama sabuni, na hakuwa hata anakohoa sana. Mapafu yamejaa maji. Saa mbili asubuhi alikuwa amelala. Farasi asiye na kinga akipata namna hii ya ugonjwa, ni wachache sana wanaopona.

Lau daktari yule angenisikiliza, Karafuu angekufa zizini kwangu, usubi wa kwangu ungemnyonya damu, na farasi wawili wa jirani wangemfuata. Nilichukua mwaka mzima kwenda kumwomba radhi. Bado naona haya.

Basi mwanangu wa Wete, na wengine wote mnaoniandikia, nisikilizeni. Watu hapa Malindi wanapenda kunikumbusha kwamba mababu walisafirisha farasi kwa jahazi bila ya cheti. Ni kweli. Mwaka 1840 meli ya Sayyid Said, Sultana, ilitia nanga New York, na katika zawadi za Rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Lakini hadithi za farasi waliofika ndizo zinazosimuliwa. Kule Afrika Kusini, mwaka 1854 na 1855, ugonjwa huu uliua karibu farasi 70,000. Na msidhani ni mambo ya kale. Mwaka 1987 Hispania iliupata baada ya kuingiza pundamilia kutoka Namibia. Mwaka 2020 ulitokea Thailand, nchi ambayo haikuwahi kuuona, ukaua farasi zaidi ya 500, na huko pia wanaoshukiwa ni pundamilia walioletwa kutoka Afrika. Pundamilia na punda hubeba virusi wala huwaoni wanaumwa. Yule punda wa gari la mkaa pale njiani kwenu anaweza kuwa mzima kabisa machoni pako.

Ndiyo sababu sisi wa Afrika ya Mashariki tunaulizwa maswali mengi kuliko wengine. Hakuna anayetuonea. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lililoanzishwa Paris mwaka 1924, linahesabu siku 40 kuwa muda ambao farasi anaweza kubeba virusi hivi damuni akaugawia usubi. Siku 40 hizo hazijui wewe ni nani wala unajuana na nani.

Nilichofanya safari hii ya Marjani ni kuchukua kalenda ya ukutani na kuanzia kwenye meli. Nikaandika siku ya meli, kisha nikarudi nyuma. Kabla ya meli kuna cheti cha afya, ambacho uhai wake ni mfupi. Kabla ya cheti kuna majibu ya damu, na damu yetu ilipelekwa maabara ya Afrika Kusini, kwa hiyo weka nafasi. Kabla ya damu kuna siku 40 baada ya chupa ya pili. Kabla ya chupa ya pili kuna wiki tatu. Nilipomaliza kurudi nyuma kalenda ilikuwa imekwisha kurasa tatu. Nilitaka farasi awe njiani wakati wa kipupwe, baada ya masika kukauka na usubi kupungua, kwa hiyo ilinibidi nianze wakati watu wanafunga Ramadhani. Hela ya hoteli safari hii sikuigusa mpaka farasi amefika.

Kwenye damu wanatafuta mambo ambayo wengi wetu hatuna hata majina yake. Kuna upungufu wa damu wa kuambukiza wa farasi, ambao hauna chanjo wala dawa. Mnyama akionekana nao, safari imeishia hapo. Kuna ugonjwa wa kupandana. Kuna ule wa majipu ya pua na mapafu ambao humwambukiza hata binadamu, na kwa huo mtu asikudanganye kwamba maabara "watakupitisha." Kuna homa ya kupe, ambayo farasi anaweza kupona akabaki na vijidudu vyake maisha yote. Farasi wengi wa huku kwetu wameshakutana nayo. Hapa hawatamkataa kwa hilo, lakini nchi nyingine zitamkataa, na hilo nitalirudia.

Na kuna nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Hapa naomba vijana mnivumilie, maana hili linanigusa. Unguja ni kisiwa kilichosafishwa mbung'o. Walizalisha mbung'o madume maabara, wakawafanya tasa kwa mionzi, wakawaachia kwa ndege juu ya msitu wa Jozani na kwingineko, mpaka majike yakakosa kuzaa. Mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa huru. Wazee wa kusini wanaukumbuka wakati ng'ombe walivyokuwa wakikonda mpaka mbavu zikahesabika. Halafu wewe unataka kupitisha lori lako Saadani, porini kwenye mbung'o, ufike bandarini ukasirike kwa sababu wanataka kulinyunyizia dawa? Mwache anyunyize. Msaidie kushika pampu.

Jambo jingine lililonitoa jasho ni vibali viwili. Mifugo si jambo la Muungano. Kibali cha Bara kinakupitisha Bara, na kibali cha Zanzibar kinakuingiza Zanzibar, na kila kimoja kina masharti yake. Mwaka 2019 nilidhani kimoja kinatosha. Chukueni cha Zanzibar kwanza, mkisome mstari kwa mstari, mumpelekee daktari wa kule anakotoka farasi, ili apime kinachotakiwa hapa, asije akapima anachokijua yeye. Masharti yangu msiyanakili, hubadilika.

Njiani nina moja tu, ila lishikeni. Msimfunge farasi kichwa juu safari nzima. Akikosa kuinamisha kichwa, makamasi na vumbi hushuka mapafuni, na atafika na homa ambayo daktari wa bandarini hataweza kuitofautisha na ugonjwa. Marjani tulimsimamisha kila baada ya saa chache, tukamlegezea kamba, akainamisha kichwa mpaka chini, akapiga chafya, akanywa ndoo mbili.

Akifika, ndani kabla ya adhana ya Magharibi, nje baada ya jua kuchomoza. Usubi huuma jioni mpaka alfajiri. Feni kubwa ya dukani inasaidia kuliko mnavyofikiri, kwa sababu mdudu yule hana nguvu ya kuruka kwenye upepo. Samadi iondoke kila siku, matope yakaushwe, punda akae mbali. Na chandarua kiwe cha matundu madogo kabisa, kimetiwa dawa. Chanjo kila mwaka, si mara moja ukamaliza.

Sasa nakujibu wewe wa Maskati, na najua jibu hutalipenda.

Farasi wako amekulia mahali ambapo virusi hivi havimo. Mwili wake haujawahi kukutana navyo hata kidogo. Unamtoa huko unamleta Pemba, kwenye mikoko na mabonde ya mpunga, unamkabidhi kwa usubi. Na akishaingia, hatoki. Ukipata mnunuzi Dubai, au biashara ikakuchosha ukataka kumrudisha kwenu huko, utakuta mlango umefungwa, maana anatoka kwenye nchi yenye ugonjwa. Afrika Kusini wenyewe, wenye maabara na karantini zao, baada ya ugonjwa kutokea kwenye eneo lao la udhibiti mwaka 2011, farasi wao wa kwenda Ulaya walilazimika kupitia Mauritius wakae karantini kule kwanza. Wewe na mimi tutapitia wapi?

Mwache kwa mwenyewe. Tafuta farasi aliyezaliwa na kukulia Afrika ya Mashariki, aliyekwisha chanjwa misimu kadhaa, na kadi uione kwa macho kabla ya kutoa hata shilingi. Huenda asiwe mzuri kama yule wa Kiarabu. Marjani naye ana kovu kwenye paja na sikio moja limekatika ncha, na jana jioni alikuwa anakimbia kwenye maji ya kupwa na watoto wanampigia makofi.

Ukimpata, kabla hujalipa, nipigie picha ya kadi, ya cheti na ya kioo cha mashine ikiwa imesomwa shingoni. Nitumie namba ya chipu, tarakimu zote 15, uniandikie kwa mkono wako. Nitazisoma mimi mwenyewe.