VPN imeunganishwa, mbona seva haionekani?

Msomaji anayetumia VPN, yaani handaki la siri linalounganisha kompyuta ya nyumbani na mtandao wa ofisi kupitia intaneti, kaniandikia juzi: "Kaka, VPN inasema imeunganishwa, lakini faili za ofisini sizioni. Nimeifuta na kuiweka upya, wapi!" Nikamuuliza anwani ya ruta ya nyumbani kwake. Akajibu 192.168.1.1. Na ya ofisini? 192.168.1.1.

Kesi imeishia hapo. Kompyuta ikitumwa kwenye seva ya ofisini, tuseme 192.168.1.20, inaitafuta humo humo nyumbani, ikidhani ni jirani yake. Handaki ni zima, ila hakuna kinachopita. Badilisha anwani za upande mmoja, ikiwezekana wa ofisini, uhamie kwenye namba ambazo ruta za nyumbani haziji nazo, mfano 10.37.5.0/24, yaani anwani zote zinazoanza na 10.37.5.

Nilishawahi kulisema hili kikaoni, kwenye kazi yangu ya zamani. Nikaambiwa nakuza mambo. Wakaona rahisi ni kufungua poti 3389, mlango wa kuendeshea kompyuta ya Windows ukiwa mbali, kwenye ruta ili kila mtu aingie moja kwa moja kwenye kompyuta yake akiwa popote. Haukupita muda nikafungua kumbukumbu za seva: "administrator", "admin", "test", "administrator" tena, watu wasiojulikana wakibahatisha nywila usiku kucha. Niliwawekea ukurasa ule kwenye projekta, chumba kikawa kimya. Poti ikafungwa siku hiyo hiyo. Kisha akaletwa mtaalamu kutoka nje, akapendekeza yale yale niliyosema, akapigiwa makofi. Mimi nikaachiwa kubadilisha anwani za printa. Inaniuma mpaka leo.

Lakini handaki lenyewe nililijenga mimi, na nalijivunia. Nilitumia WireGuard, programu ya VPN ambayo tangu 2020 imo ndani ya Linux yenyewe kuanzia toleo 5.6. Raha yake ni kwamba asiye na ufunguo, yaani msimbo mrefu wa siri unaomtambulisha mtu, akibisha, seva haimjibu chochote, kama nyumba isiyo na mtu. Kila mfanyakazi na ufunguo wake. Akiacha kazi, unafuta wake tu. Kwenye AllowedIPs za laptop, yaani orodha ya anwani zinazopitia handakini, andika mtandao wa ofisi peke yake. Ukiweka 0.0.0.0/0, yaani anwani zote, hata video anazotazama mtu nyumbani zitazungukia ofisini, halafu mtalaumu intaneti. Unganisho likifa kila mkinyamaza, weka PersistentKeepalive 25, mashine itume salamu kila sekunde 25.

Na tuache kudanganyana, ndugu zangu. VPN haisafishi laptop. Mkiwapa watoto wachezee mashine ya kazi, kirusi kitapita handakini kwa heshima zote, kwa ufunguo wenu. Msigawane funguo. Msitumiane funguo kwenye magrupu. Nasema tena, msigawane.

Kabla hujanunua chochote, tazama anwani ambayo ruta ya ofisi imepewa na mtoa huduma. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mnachangia anwani moja na wateja wengine, na kutoka nje hutaifikia. Hapo kodi seva ndogo yenye anwani ya umma, ofisi na nyumbani zote ziunganishwe kwake.