Fundi wa Picha Anajibu: Entebbe, Aspen na Video Iliyogoma Kuingia Kwenye CD

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni dereva wa abiria hapa Entebbe. Kijana mmoja niliyempakia uwanja wa ndege aliniambia kwamba zile picha za mtaa kwenye ramani ya simu, unazobonyeza mshale ukasonga mbele kama unaendesha, chanzo chake ni uvamizi wa 1976 hapa kwetu. Nilidhani ananitania. Kuna ukweli wowote?
*Msomaji, Entebbe*

JIBU: Marahaba. Hakukutania, ila kuna hatua kadhaa kati ya uwanja wenu na simu yako, na hizo hatua ndizo tamu.

Usiku wa kuamkia Julai 4, 1976 makomando wa Israel walitua Entebbe kuwaokoa mateka wa ndege ya Air France. Walikufa mateka, walikufa watekaji, alikufa kamanda wa makomando, na walikufa askari wengi wa Uganda. Nalitaja hilo mwanzo kabisa kwa sababu wanaoandika historia ya kompyuta huitaja Entebbe kwa sentensi moja wakapita, na mimi sipendi kupita hivyo.

Kabla ya kuondoka kwao, makomando walikuwa wamejizoeza kwenye mfano wa uwanja. Nicholas Negroponte, aliyekuwa akiongoza kikundi kilichoitwa Architecture Machine Group katika chuo cha MIT, Marekani, ameeleza kilichofuata. Jeshi la Marekani lilitaka kujua kama askari anaweza kuuzoea mji asioujua kwa kutumia mitambo ya elektroniki, bila mtu kujenga mfano wa majengo. Idara ya utafiti ya Wizara ya Ulinzi, DARPA, ikatoa fedha, na kazi ikafika mezani kwa Andrew Lippman na wanafunzi wake. Mwaka 1978 wakachagua mji mdogo wa milimani, Aspen, katika jimbo la Colorado.

Sikiliza walivyoupiga picha, maana wewe ni dereva na utaelewa haraka kuliko wengi. Juu ya gari walifunga kamera nne za filamu ya milimita 16: moja ikitazama mbele, moja nyuma, mbili ubavuni. Nyuma ya gari waliburuta gurudumu la baiskeli. Kila mara gari liliposogea futi 10, yaani kama mita 3, gurudumu liliziamuru kamera zipige fremu moja. Kwa hiyo kilichohesabiwa ni umbali, wala si muda. Gari likikwama nyuma ya lori kwa dakika tano, kamera zinanyamaza, likiondoka, zinaendelea. Walipiga kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana tu ili vivuli visipishane sana kati ya mtaa na mtaa, na gari lilishika katikati ya barabara. Kona zilipigwa peke yake, kila njia panda kwa kila upande wa kukata. Kisha wakarudia mji msimu mwingine, ili mtazamaji aweze kuuona mtaa uleule katika vuli na katika theluji.

Picha zote zikaingia kwenye diski za leza, zile pana kama sahani ya santuri. Upande mmoja ulibeba fremu 54,000, na kila fremu ilikuwa na namba yake. Mtu alikaa mbele ya skrini ya kugusa, akagusa kushoto, akakata kushoto. Akilifikia jengo aliweza kuligusa na kuingia ndani, au kuona picha zake za zamani.

Sasa ugumu. Mkono wa leza ulihitaji muda kuruka kutoka fremu ya 3,000 hadi ya 41,000, na muda huo skrini ingekuwa tupu. Mtu anaendesha, anafika njia panda, anagusa, halafu giza! Wakaweka zaidi ya deki moja. Deki ya kwanza inaonyesha mtaa uliopo. Ya pili imeshatangulia kwenye kona inayokuja na inasubiri. Ukikata, kompyuta inabadilisha deki, na macho yako hayajui.

Hapo ndipo mimi huwa nasimama na kupiga makofi peke yangu. Miaka mingi nilihariri mikanda ya harusi Tanga kwa deki mbili za VHS, moja inacheza, nyingine inatafutwa mahali, kidole kikiwa juu ya kitufe, na najua jasho la kazi hiyo. Hawa waliifanya mashine itoke jasho hilo kwa niaba ya mtu aliyeketi. Ukitaka kuielewa taaluma nzima ya video shirikishi, yaani video inayoitikia amri za mtazamaji, anzia hapo: kungoja hakufutiki, kunahamishwa tu hadi mahali mtazamaji hayupo. Simu yako leo, unapobonyeza mshale mtaani, inafanya vilevile. Inaleta picha za mbele kabla hujaziomba.

---

SWALI: Habari za kazi Fundi? Nasoma TEHAMA chuoni Morogoro. Mhadhiri ametuambia video iliyojaa skrini, ikichezwa kutoka kwenye CD ya kompyuta, ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza 1987, na watu hawakuamini macho yao. Lakini CD za muziki ziliuzwa tangu 1982. Kama muziki uliingia, video ilishindwa nini miaka yote hiyo?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Swali zuri, binti yangu. Chukua kalamu, tupige hesabu pamoja.

Fremu moja ya pikseli (nukta za picha) 640 kwa 480, kila pikseli baiti 3, ni baiti 921,600. Kwa sekunde moja unahitaji fremu 30. Jumla ni kama megabaiti 27.6 kila sekunde. CD ya wakati huo ilibeba kama megabaiti 650. Gawanya: unapata sekunde 23 na ushei. CD nzima haitoshi hata kumaliza majina ya waigizaji wa filamu.

Hilo bado ni dogo. CD ilisomwa kwa kasi ya kilobaiti 150 kwa sekunde, kasi iliyopangwa kwa ajili ya muziki. Picha inataka karibu mara 180 ya hiyo. Maana yake zile sekunde 23 zingechukua zaidi ya saa nzima kutoka kwenye diski. Nafasi ungeweza kuitafuta kwa kuongeza diski. Kasi hukuwa na pa kuitafuta. Na kumbuka diski za Aspen hazikuwa na tatizo hili kwa sababu picha zake zilihifadhiwa kwa mfumo wa analojia, kama mawimbi ya televisheni. Kompyuta pale ilitoa amri tu; picha yenyewe haikuigusa.

Waliolivalia njuga walikuwa watafiti wa David Sarnoff Research Center, Princeton, katika jimbo la New Jersey, maabara ya kampuni ya RCA, mojawapo ya makampuni yaliyolea televisheni ya rangi. Kazi ilianza katikati ya miaka ya 1980 na ikaitwa DVI, kifupi cha Digital Video Interactive. Machi 1987, katika mkutano wa CD-ROM ulioandaliwa na Microsoft huko Seattle, wakaweka CD kwenye kompyuta na video ikacheza. Diski moja iliweza kubeba zaidi ya saa moja ya video.

Walifanyaje? Waligawa kazi bila usawa, na waligawa hivyo kwa makusudi. Kubana video kulifanywa na mashine kubwa iliyohangaika muda mrefu kuliko urefu wa video yenyewe, fremu baada ya fremu, ikitafuta nini cha kubaki na nini cha kutupa. Kufungua kulifanywa na chipu mbili ndani ya kompyuta ya mezani, papo hapo, fremu 30 kwa sekunde. Anayetengeneza anateseka mara moja. Wanaotazama, hata wakiwa milioni, hawateseki. Unaona ni wazo lilelile la Aspen? Kungoja kumehamishwa tena.

Na kinachotupwa ni nini? Mtazame msomaji wa taarifa ya habari. Ukuta nyuma yake haubadiliki, meza haibadiliki, midomo na macho ndivyo vinavyocheza. Kwa nini uandike ukuta mara 30 kwa sekunde? Unaandika mara moja, halafu unaandika tofauti. Mpira wa miguu ni mgumu zaidi kwa sababu kamera inageuka huku na huku na nyasi zote zinahama. Jaribu mwenyewe: bana dakika moja ya taarifa ya habari na dakika moja ya mpira kwa ubora uleule, ulinganishe ukubwa wa mafaili. Ukifanya zoezi hilo kwa mkono wako hutalisahau hata ukizeeka.

Ningependa pia umweleze mhadhiri wako kuhusu Palenque. Ni kazi ya mwanzo kabisa iliyotengenezwa kwa DVI, na walioibuni ni walimu: Bank Street College of Education ya New York, kazi ikiongozwa na Kathleen Wilson. Mtoto wa miaka 8 hadi 14 alishika fimbo ya kuongozea akatembea kwenye magofu ya Wamaya huko Palenque, Mexico. Akitaka kusimama na kugeuka pande zote, aliweza, kwa kuwa walipiga picha kwa lenzi ya jicho la samaki, na kompyuta ikainyoosha picha iliyopinda. Mtoto hakupewa mtihani. Alipewa mahali pa kuzurura na vitu vya kutazama. Mimi naamini hapo waliona mbali kuliko programu nyingi za shule tunazouziwa leo, ambazo ni kurasa za kitabu zilizotiwa vitufe.

DVI yenyewe haikudumu. RCA ilinunuliwa na General Electric 1986, na teknolojia hiyo ikauzwa kwa Intel 1988. Ilihitaji kadi ya pekee ndani ya kompyuta, ghali. Desemba 1991 Apple ikatoa QuickTime, iliyocheza video bila chipu ya ziada, ingawa kwenye kidirisha kidogo cha pikseli 160 kwa 120. Watu wakachagua kile kidogo kinachocheza kila mahali.

---

SWALI: Fundi, mvua ikinyesha king'amuzi changu kinakata picha vijiboksi vijiboksi. Enzi za antena picha ilikuwa na chengachenga tu. Hivi viboksi vinatoka wapi?
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Vinatoka kwenye hesabu iliyopendekezwa mwaka 1972 na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa Bangalore, India, aliyekuwa akifundisha Kansas State University. Aliomba fedha za utafiti kwa shirika la taifa la sayansi la Marekani, akanyimwa. Akaendelea hivyohivyo, na mwaka 1974 yeye, T. Natarajan na K. R. Rao wakaichapisha. Inaitwa DCT.

Picha inakatwa vipande vya mraba, mara nyingi pikseli 8 kwa 8. Ndani ya kila kipande, hesabu inatenganisha mabadiliko ya polepole, mfano anga inayofifia, na mabadiliko ya ghafla, mfano ukingo wa jani. Jicho la binadamu linajali sana ya kwanza na linasamehe makosa kwenye ya pili, kwa hiyo ya pili inapunguzwa bila huruma. Picha za JPEG zimejengwa juu yake, na MPEG-1, kanuni ya kubana video iliyokamilishwa 1992, vilevile, na nyingi zilizofuata ni wajukuu zake. Mvua ikila mawimbi, king'amuzi kinapokea vipande pungufu, nawe unaviona vikiwa uchi.

Ombi lililonyimwa fedha ndilo limo ndani ya karibu kila picha uliyotumiwa wiki hii. Nikilifikiria hilo nashindwa kukaa kimya mbele ya vijana wanaokatiwa maombi yao.

---

SWALI: Assalamu alaykum Fundi. Harusi ya marehemu wazazi wangu tunayo kwenye VCD mbili, zilihamishwa kutoka kwenye mkanda. Deki imekufa, kompyuta za wanangu hazina pa kuingiza diski. Nifanyeje? Na kwa nini zilikuwa mbili?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Mungu awarehemu wazazi wako. Ni mbili kwa sababu VCD, iliyotoka 1993, ilitumia MPEG-1 iliyobanwa ilingane na kasi ya CD ya muziki, hivyo ilibeba dakika 74 tu. Harusi za kwetu haziishi dakika 74.

Usisubiri. Mwaka 1986 BBC ilikusanya maisha ya Uingereza kwenye diski mbili za leza, kuadhimisha miaka 900 ya Domesday Book, daftari la sensa la mfalme William wa Uingereza. Watu zaidi ya milioni walichangia, wengi watoto wa shule. Haikupita hata miaka 20, mashine za kuzisoma zikawa adimu kiasi kwamba mwaka 2002 watafiti wa Leeds na Michigan walilazimika kuunda programu ya kuiga kompyuta ile ya zamani. Daftari lile la mfalme, la ngozi, la 1086, linasomeka mpaka leo.

Nunua au azima kisoma CD cha nje, kile cha waya wa USB. Pangusa diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe, na usipake dawa ya meno hata ukiambiwa na nani. Fungua diski, tafuta foda iitwayo MPEGAV. Ndani yake kuna faili kubwa linaloishia na .DAT. Hilo ndilo harusi. Linakili kwenye kompyuta, lifungue kwa programu ya VLC. Likigoma kunakilika, jaribu kisoma kingine kabla hujakata tamaa, kwa maana visoma havilingani uvumilivu.

Ukishapata mafaili yote mawili, yaache kama yalivyo, usiyabane upya, kwa kuwa kila kubana kunatupa kitu na hapo hakuna cha ziada cha kutupwa. Weka nakala moja kwa mwanao, moja kwa ndugu wa mji mwingine. Kisha tazama mwanzo hadi mwisho kabla ya kumrudishia mwenye kisoma mali yake, maana sehemu iliyoharibika huwa inajificha katikati.