Jeshi la Marekani lililipia utoaji mimba, au lililipia nauli?

SWALI: Binti wa kaka yangu ni sajini katika jeshi la Marekani, yuko kambi ya Fort Hood, Texas. Kwenye kundi la familia WhatsApp wapo wanaosema jeshi lilikuwa likiwalipia askari kutoa mimba hadi Trump alipokomesha. Wengine wanasema ni uzushi. Na yule seneta aliyezuia majenerali wasipandishwe vyeo alitaka nini hasa? Nauliza pia kwa sababu binti na mumewe wanatafuta mtoto na hawajafanikiwa. Mabadiliko haya yanawagusa?
Msomaji, Dallas

JIBU: Dada, utoaji mimba wenyewe jeshi halilipii, na halikulipia hata wakati wa Biden, isipokuwa katika hali tatu: maisha ya mama yakiwa hatarini, mimba ikitokana na ubakaji, au ikitokana na kujamiiana kwa maharimu. Hicho ni kifungu cha 1093 katika sheria zinazoongoza majeshi ya Marekani. Kinakataza fedha za Wizara ya Ulinzi, na hospitali zake pia haziruhusiwi kufanya kazi hiyo nje ya hali hizo. Hizo mbili za mwisho zimeanza kulipiwa tangu 2013 tu. Kabla ya hapo, askari aliyebakwa akashika mimba alijilipia mwenyewe.

Kilichozua vita ni nauli na ruhusa.

Juni 2022 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba, kila jimbo likabaki na uamuzi wake. Texas ikapiga marufuku karibu kabisa. Sasa mfikirie sajini wenu. Hakuchagua Texas, alipangiwa. Raia wa kawaida anaweza kuomba siku mbili kazini na kuondoka bila maelezo marefu. Askari akitoka bila ruhusa ya kamanda ametenda kosa la kijeshi. Na kutoka Fort Hood hadi Albuquerque, katika jimbo jirani la New Mexico ambako huduma ni halali, ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Taasisi ya utafiti ya RAND ilikadiria wakati ule kwamba wanajeshi wanawake wapatao 80,000 walikuwa katika majimbo yenye marufuku au vizuizi vikali.

Oktoba 2022 Waziri wa Ulinzi, Lloyd Austin, akatoa waraka, na Februari 2023 kanuni zake zikatoka. Askari anayefuata huduma ya uzazi ambayo jeshi haliruhusiwi kumpa alilipiwa usafiri na malazi. Alipewa ruhusa ya hadi siku 21 zisizokatwa kwenye likizo yake. Na angeweza kukaa hadi wiki ya 20 ya ujauzito kabla ya kumwarifu kamanda, kazi yake ikiruhusu. Hilo la tatu halikupigiwa kelele sana, lakini kwangu ndilo zito. Anayejua maisha ya kambini anajua habari ya ofisini haikai ofisini. Gharama ya daktari bado askari alijilipia mwenyewe.

Kuhusu seneta: ni Tommy Tuberville wa Alabama, zamani kocha wa futiboli ya Kimarekani. Hoja yake ilikuwa kwamba kulipa nauli ni kuizunguka sheria, yaani fedha ya mlipakodi inafika kwenye utoaji mimba kwa mlango wa nyuma, na kwamba jambo kama hilo liamuliwe na Bunge, si waziri. Wanasheria wa Wizara ya Sheria walikuwa wameshasema Oktoba 2022 kwamba kifungu cha 1093 hakikatazi nauli. Kwa maandishi ya kifungu chenyewe, naona walikuwa sahihi: kinataja kufanya utoaji mimba, hakitaji safari. Ila hoja yake ya pili, kwamba Bunge halikuulizwa, haikuwa ya kijinga, na mtaona hapa chini jinsi ilivyowarudia wenye sera.

Silaha yake ilikuwa utaratibu. Vyeo vya majenerali na maadmirali hupitishwa na Seneti kwa mafungu, kwa ridhaa ya wote. Mmoja akikataa, kila jina lazima lijadiliwe na kupigiwa kura peke yake, na muda huo Seneti haina. Tangu mapema 2023 alikataa, majina yakarundikana hadi yakapita 400. Julai Kikosi cha Marine kikakosa mkuu aliyethibitishwa, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa zaidi ya miaka 150. Jenerali Eric Smith alishika kazi mbili kwa pamoja, ya mkuu na ya msaidizi wake, na mwishoni mwa Oktoba akapata shambulio la moyo.

Siku chache baadaye, usiku wa Novemba 1, maseneta wa chama chake mwenyewe walisimama kwa zaidi ya saa nne wakimsomea majina 61, jina kwa jina pamoja na sifa zake. Miongoni mwao alikuwamo Dan Sullivan, afisa wa akiba wa Marine, na Joni Ernst, luteni kanali mstaafu. Kwa kila jina Tuberville alijibu: napinga. Desemba 5 akaachia karibu wote bila sera kubadilika. Binti yenu hakuguswa. Zuio lilihusu wakubwa kama majenerali na maadmirali, si masajini.

Wanaosema Trump alikomesha wako sahihi kuhusu nauli. Sera iliyozaliwa kwa waraka hufa kwa waraka, na mwishoni mwa Januari 2025, siku chache baada ya Pete Hegseth, waziri wa Trump, kuingia wizarani, malipo ya safari za kutoa mimba yalifutwa. Hakuna kura iliyopigwa. Kwa taarifa yenu, kati ya Juni na Desemba 2023 yalitumika mara 12. Jeshi zima, mara kumi na mbili! Zile hali tatu za kisheria zimebaki, kwa kuwa waziri hawezi kuzifuta, na matibabu ya mimba iliyoharibika au iliyotunga nje ya mji wa mimba ni huduma nyingine kabisa.

Sasa hao wanaotafuta mtoto. Waraka wa Austin ulihusu pia upandikizaji mimba, yaani IVF, ndiyo maana kufutwa kwake kuliwashtua watu ambao hawakuwa na ugomvi huo. Nauli ya IVF ilirudishwa Februari 2025. Gharama ya matibabu ni habari nyingine: TRICARE, bima ya afya ya jeshi, hulipia IVF kwa askari ambaye jeraha au ugonjwa mkubwa alioupata akiwa kazini umemfanya asizae, basi. Pendekezo la kuipanua liliingia kwenye mswada wa ulinzi mwaka 2024 likanyofolewa kabla ya kura ya mwisho, na mwaka uliofuata likanyofolewa tena.

Vipimo vya kujua tatizo liko wapi, bima inalipia. Aanzie hapo, na mumewe apimwe pia. Kisha aombe rufaa ya hospitali ya jeshi inayofanya IVF kwa bei nafuu kuliko kliniki za nje. Zipo chache, mojawapo ni Walter Reed huko Maryland, na foleni ni ndefu. Kabla hajasafiri apate idhini ya posho ya safari kwa maandishi. Akikataliwa, aende ofisi ya msaada wa kisheria hapo kambini. Ni bure kwa askari, na anayoyaeleza kwa wakili hayapelekwi kwa kamanda.