Kufukuzwa kwa mdomo getini

Pole dada yangu. Kuambiwa na meneja getini "kesho usije" kisa umedai ovataimu, huko si kuachishwa kazi kisheria. Nimekata minofu ya sangara hapa Mwanza miaka minne, wasimamizi wa hivyo nawajua: leo mnacheka naye, kesho anakutolea macho. Na ovataimu inalipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida, siyo fadhila yake.

Usikae nyumbani ukisubiri meneja apoe. Nenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ofisi ipo hapahapa Mwanza, ujaze fomu namba 1 ya kupeleka mgogoro ndani ya siku 30 tangu wakufukuze. Zikipita unaanza kuomba kuongezewa muda, na hapo ndipo wengi tunakwama. Beba kitambulisho cha kazi na meseji za mshahara. Ila kama hukutimiza miezi 6 kazini, hapo pagumu.