Karate, judo au ndondi?

Dada, umeuliza uchague nini kati ya karate, judo na ndondi ili uwe na pumzi na uweze kujihami unapotoka kazini usiku.

Kwa pumzi, ndondi haina mpinzani: kuruka kamba, kupiga begi, raundi za dakika 3, jasho tele. Ila usikubali kupigwa kichwani kila wiki kwa jina la mazoezi. Mwambie kocha mapema kwamba huna mpango wa kupanda ulingoni.

Kwa kujihami, mimi ningekupeleka judo. Jigoro Kano aliianzisha Japani mwaka 1882, na jambo la kwanza unalofundishwa ni kuanguka bila kuumia, ujuzi utakaokufaa hata ukiteleza bafuni. Halafu unashikana na mtu anayekataa kweli kweli kuangushwa. Hapo ndipo mwili unapojifunza. Karate nayo ni nzuri, lakini yapo madarasa ambako watu hupiga hewa mwaka mzima na kupandishwa mikanda bila kuguswa na mtu.

Kabla ya kulipa, kaa pembeni utazame kipindi kizima. Wanaoanza wanaangaliwa? Wanawake wapo, na wanaheshimiwa? Kocha akijigamba kwamba wiki mbili tu utaweza kumnyang'anya mtu kisu, aga uondoke. Mkabaji akitaka simu, mpe ukimbie. Hilo kocha mzuri atakwambia mwenyewe.

Kama goti au mgongo unakusumbua, mwone daktari kwanza, hasa kwa judo.