Vipimo vya moyo: maswali yenu na majibu

Maswali ya moyo yamejaa, nimechukua machache, yanayofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo dokta. Nilipima ECG wakaniambia moyo uko poa, ila nikipanda ngazi kifua kinabana, nikikaa kinaachia. Sasa nini?

Marahaba. Kumbuka ulipimwa umelala, umetulia, na ile ECG inachukua umeme wa moyo kwa sekunde kama 10 tu, kwa hiyo shida inayokuja ukiwa kwenye ngazi karatasi haiwezi kuiona. Kifua kubana ukijitumikisha na kuachia ukipumzika ni dalili ya kuifuatilia mishipa ya moyo hata kama karatasi ni safi. Rudi ukamwambie daktari hivyohivyo ulivyoniandikia mimi, atakupeleka kwenye kipimo cha mazoezi (unatembea kwenye mashine huku nyaya ziko kifuani na kasi inapandishwa kidogo kidogo) au CT (picha za mionzi za ndani ya mwili) ya mishipa ya moyo. Ila siku kikibana na hakiachii hata umekaa, jasho linakutoka, maumivu yanapanda tayani au yanashuka mkononi, hapo hakuna cha kusubiri miadi, ni emajensi saa hiyohiyo.

Eko si ndo hiyohiyo ECG?

Hapana. ECG ni umeme, eko ni picha ya mawimbi ya sauti. Unalala ubavu wa kushoto, unapakwa jeli ya baridi, mpimaji anakuminya na kifaa katikati ya mbavu, inaweza kufika hata dakika 40. Haina mionzi, hata mjamzito anapima. Inaonyesha vali (milango ya damu ndani ya moyo), kuta, na moyo unasukuma asilimia ngapi ya damu iliyomo kila pigo. Hapo ndo watu wanaponipigia simu usiku, kaona 60 anadhani moyo umebakiza 60 kwenye 100, jamani, moyo mzima unasukuma kama 50 hadi 70, hakuna mwenye 100.

Karibu yangu kuna kituo kidogo tu, hospitali kubwa iko mbali. Nianzie wapi?

Anzia hapohapo. Presha, sukari na kusikilizwa kifua vinafanyika karibu kila mahali, na mashine ya ECG ni ndogo, inabebeka, vituo vingi vinayo. Tatizo huwa ni nani anaisoma, kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani piga simu uulize mashine inafanya kazi?, anayesoma majibu yupo siku gani?, nahitaji barua ya rufaa? Eko inataka mtu aliyefundishwa, mara nyingi ni hospitali yenye kliniki ya moyo, na kile kipimo cha kupitisha mrija kwenye mshipa wa mkono au wa paja hadi kwenye moyo ni hospitali kubwa tu. Popote uendapo beba karatasi za zamani. Badiliko ambalo lilikuwepo miaka 5 iliyopita halimtishi daktari kama lililotokea jana.

Moyo unaenda mbio ghafla, nikifika hospitali umeshatulia.

Ulizia holta, kamashine kanakorekodi umeme wa moyo, unakavaa masaa 24 hadi 48 ukiendelea na shughuli zako, na kila moyo ukikimbia unaandika saa. Ila kama inakuja mara moja kwa mwezi holta ya siku moja itatoka safi tu, omba kifaa cha kukaa nacho wiki mbili. Wapime na wingi wa damu na tezi ya shingo, wakati mwingine chanzo kiko huko. Ukizimia, usisubiri holta.

Sina dalili yoyote, nataka kupima moyo wote.

Presha, sukari, kolesteroli, basi. Ila kama kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana mwambie daktari mapema, hapo hesabu inabadilika.

Naruhusiwa kula kabla ya kipimo?

ECG na eko ya kawaida, kula tu. Kipimo cha mazoezi, usile masaa kama matatu kabla, kahawa iache, na dawa zako za presha usiziache mwenyewe bila kuuliza. Na siku ya ECG usijipake mafuta kifuani, vile vibandiko havishiki.