Bizcocho ya saa 11 jioni

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama anayejali afya yake aache keki. Swali limenichoma. Miaka 4 nilikuwa Zaragoza, Hispania, nikimtunza bibi wa miaka 84, na keki ya kwao, bizcocho, nimeioka mara nyingi. Mimi ningeuliza hivi: ukimnyima mzee keki yake, umempa nini badala yake?

Bizcocho ya mtindi haihitaji mizani. Unamimina kikopo cha mtindi kwenye bakuli, unakiosha, kisha hichohicho ndicho kipimo: kimoja cha mafuta, viwili vya sukari, vitatu vya unga wa ngano. Mayai 3, pakiti ya beking pauda, ganda la limau lililokunwa. Basi. Anayejua mkate wa mayai wa Unguja ataona undugu, ila hapa limau limechukua nafasi ya iliki.

Siku moja binti wa yule bibi alinipigia simu nipunguze sukari. Nikaweka kikopo kimoja, bibi sikumwambia. Alikuwa kwenye kiti chake jikoni, ananisimamia: "Ukune ganda la njano tu, nyeupe ni chungu." Nikakuna taratibu. Keki ikatoka imepauka, kavu. Sikujua bado kwamba sukari ndiyo inayoshika unyevu na kuleta ile rangi ya kahawia. Saa 11 jioni akachovya kipande kwenye kahawa ya maziwa kama kawaida. Akatafuna, akakirudisha kwenye sahani, akaniangalia. "Binti yangu, huu ni mkate." Hakugusa kingine. Na jioni ile hakunisimulia habari za marehemu mumewe, ambazo hazikukosekana kila tulipokaa na bizcocho. Hadi leo inaniuma. Kupunguza sukari halikuwa kosa; kosa langu ni kumficha.

Nilikaa kuandika ili niseme waacheni wazee wale. Lakini nimepiga hesabu: vikopo 2 vya sukari vinapita gramu 200. Kata vipande 10, kila kimoja kina zaidi ya gramu 20, na Shirika la Afya Duniani linasema kwa siku nzima ni bora tusifikie 25. Huko wengi huila asubuhi pia. Binti yake hakukosea.

Sasa naweka kikopo kimoja na nusu, na ninamwambia kila ninayemkatia. Kipande kimoja, jioni, tena pawepo na mtu wa kuzungumza naye. Mwenye kisukari amsikilize daktari wake kwanza. Asubuhi siili tena, labda nikiwa na mgeni.